Ukiwa na sukari, linda moyo: mwongozo kamili wa nyumbani na kliniki

Kaa kwenye benchi la kliniki ya sukari asubuhi yoyote, utasikia swali moja linazunguka: "Yako imesoma ngapi leo?" Mwenye sukari ya kumi na moja anatikisa kichwa, mwenye ya sita anapewa hongera. Presha haulizwi mtu, na lehemu, yaani kolesteroli, mafuta yaliyo kwenye damu, haitajwi kabisa. Nimemsindikiza mama kliniki kwa miaka, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Kinachowaondoa watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili ni moyo na mishipa ya damu: mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, kiharusi. Hatari ya magonjwa hayo kwa mwenye kisukari ni takribani mara mbili ya asiye nacho.

Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu utando wa ndani wa mishipa. Presha inaugonga utando huohuo kila moyo unapopiga, na lehemu inapata pa kujishikiza. Mshipa unazidi kuwa mwembamba bila maumivu yoyote, hadi siku damu inapoganda na kuziba njia. Huko Denmaki, kituo cha Steno kilianza mwaka 1993 kuwafuatilia wagonjwa 160 wenye kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilishaanza kuvujisha protini. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya wakati ule. Nusu nyingine walitibiwa vyote kwa pamoja: sukari, presha, lehemu, chakula, mazoezi na sigara. Baada ya miaka 21 ilionekana kuwa kundi la pili limeishi karibu miaka 8 zaidi ya wenzao. Nako Uingereza, utafiti mkubwa uliotoa majibu yake mwaka 1998 ulionyesha kwamba kubana presha tu, kwa watu wenye kisukari, kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Kwa hiyo mwenye sukari ya sita na presha ya 170 bado yuko hatarini, hata kama benchi zima linampongeza.

Ninayoandika hapa yanamhusu mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili pamoja na wanaomtunza. Mwenye aina ya kwanza, mjamzito na mtoto wana taratibu zao. Na hakuna lolote humu linalokupa ruhusa ya kubadili dozi bila daktari wako.

Hatua ya 1: Zijue namba zako zote

Nunua daftari dogo. Kwenye ukurasa wa kwanza andika namba zifuatazo, na mbele ya kila moja acha nafasi ya tarehe.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula: kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 4.4 na 7.2. Saa mbili baada ya kuanza kula iwe chini ya 10. Hizo ni mmol/L, ndizo zinazotumika sana kwetu. Ukikutana na mashine inayosoma 126 au 180 usishtuke, hiyo inasoma kwa mg/dL. Gawa kwa 18.

HbA1c, ambacho wengi wanakiita kipimo cha miezi mitatu, kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Lengo la wengi ni chini ya asilimia 7. Mzee mwenye maradhi mengi, au anayeshukwa na sukari mara kwa mara, daktari anaweza kumwekea 8, na hapo hajazembea, ni kumlinda. Mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme mapema, kwa sababu kipimo hiki kinaweza kumpa namba isiyo ya kweli.

Presha: chini ya 130 kwa 80, kama mwili unaistahimili bila kizunguzungu.

Lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya majibu: kwa wengi wenye kisukari waliovuka miaka 40 na wana hatari nyingine, kama presha au sigara, lengo ni chini ya 1.8 mmol/L. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi anatakiwa ashuke chini ya 1.4.

Figo: vipimo viwili kila mwaka, kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu na albumini (aina ya protini) kwenye mkojo. Hicho cha mkojo ndicho kinachosahaulika, na ndicho chenye habari nyingi. Protini ikianza kuvuja kwenye mkojo, mara nyingi mishipa ya moyo nayo imeanza kuchakaa. Macho nayo yapimwe kila mwaka kwa kuangalia ndani kabisa ya jicho, kwa sababu unaweza kusoma herufi zote za ukutani huku mishipa ya nyuma ya jicho inavuja damu.

Ukiona kila mara unapimwa sukari tu, uliza kwa adabu: "Daktari, lehemu na mkojo wangu vilipimwa lini mara ya mwisho?" Nimeshaona kadi ya kliniki yenye sukari za miaka kadhaa, imejaa wino, na sehemu ya lehemu tupu kutoka juu mpaka chini.

Hatua ya 2: Pima presha nyumbani, na uipime inavyotakiwa

Kama una fedha ya kununua mashine moja tu na unatumia vidonge visivyoshusha sana sukari, kama metformini peke yake, ushauri wangu ni ununue ya presha. Chagua ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono. Mkanda ukulingane, ukikubana kwa sababu mkono wako ni mnene, utasoma presha isiyo yako.

Nenda msalani kwanza. Kwa nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Tulia dakika 5, simu iwe mbali. Laza mkono mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo, na uufunge juu ya ngozi, siyo juu ya shati au sweta. Mashine ikianza kuvuta upepo usizungumze, hata kama mjukuu anakuuliza kitu. Subiri dakika moja, rudia, kisha andika zote mbili.

Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, kwa siku 7 kabla ya tarehe ya kliniki. Daftari hilo lina thamani kuliko kipimo kimoja cha mlangoni, ambapo umefika umetoka kugombania daladala, umepanda ngazi na bado unahema. Madaktari wengi watafurahi kuliona. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, presha hiyo ni ya kweli na inahitaji kushughulikiwa.

Hatua ya 3: Tumia stripu chache kwa akili

Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, ni ghali, na watu wengi hupima asubuhi tu kila siku, namba ileile, halafu hawajui la kufanya nayo. Ni afadhali upime jozi. Jumatatu pima kabla ya chakula cha mchana na saa mbili baada yake. Alhamisi fanya vivyo hivyo kwa chakula cha usiku. Wiki inayofuata hamia kwenye kifungua kinywa. Andika na ulichokula. Ndani ya mwezi utajua kama ni chapati za asubuhi au wali wa usiku unaokupandisha, na hilo hutalipata kwenye kitabu chochote, kwa kuwa miili haifanani.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa. Ukiwa umetoka kumenya embe, utamu uliobaki kwenye kidole unatosha kuipandisha namba na kukutia hofu ya bure. Toboa ubavuni mwa kidole, siyo katikati ya ncha, kwa sababu hapo katikati kunauma zaidi.

Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sana sukari kama glibenklamidi, ana ratiba tofauti. Huyo anahitaji kupima mara nyingi zaidi, na kila anapohisi mwili haueleweki.

Hatua ya 4: Elewa kila dawa iko kwa ajili ya nini

Hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Mtu anapewa mfuko wenye aina nne za vidonge, anajua cha sukari, na kingine akiishiwa hanunui kwa sababu "presha imeshashuka". Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha itarudi, na safari hii hutaisikia.

Metformini inywe pamoja na chakula au mara baada ya kula. Wiki za kwanza tumbo linaweza kuunguruma na kuharisha; kwa wengi hutulia, na zipo zinazoyeyuka taratibu kwa asiyestahimili za kawaida. Ukiitumia miaka mingi, vitamini B12 inaweza kupungua mwilini, na ganzi ya miguu ikazidi huku ikisingiziwa sukari. Omba ipimwe. Ukiugua kwa kutapika au kuharisha sana mpaka unaishiwa maji, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo, kwani dawa hii na baadhi ya zile za presha huenda zikasimamishwa kwa muda.

Dawa za presha zinazoishia na "prili", kama enalaprili, na ndugu zake za kundi la losatani zinalinda figo pia, hasa kama mkojo una protini. Enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Watu wanatibiwa kifua miezi na kubadilishiwa antibayotiki, kumbe ni kidonge. Ukikipata usiiache kimyakimya, sema ubadilishiwe. Ukivimba midomo au ulimi, hiyo ni dharura. Makundi yote haya mawili, la "prili" na la losatani, hayafai kwa mjamzito. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, nayo hali kadhalika ni jambo la kumwambia daktari.

Kisha ile ambayo wengi hawaandikiwi au wanaikataa: dawa ya lehemu, kundi la statini, kama atovastatini. Kwa mwenye kisukari wa miaka 40 hadi 75 inashauriwa hata kama hajawahi kuumwa moyo, na hata lehemu yake ikisomeka ya kawaida, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mshtuko wa kwanza. Kama huna dawa hii na una umri huo, uliza kwa nini. Misuli ikiuma kupita kiasi baada ya kuianza, rudi mapema. Aspirini ni habari nyingine: aliyekwisha pata mshtuko wa moyo anaihitaji kwa kawaida, lakini kwa mwingine inaweza kutokesha damu tumboni bila faida kubwa, basi usianze kwa kuambiwa na jirani.

Zipo pia dawa mpya za sukari zinazolinda moyo na figo moja kwa moja, kama empagliflozini na dapagliflozini. Bei yake bado inawashinda wengi, ila kama moyo wako umeshadhoofika au figo zimeanza kuvuja, ziulizie. Upo uwezekano bima yako inazilipia.

Angalia na dawa za dukani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua kama pipi kwa maumivu ya mgongo na magoti, zinapandisha presha na kuumiza figo. Paracetamoli ni salama zaidi kwa wengi. Prednisoloni inapandisha sukari sana. Mwambie muuza dawa kila mara: "Nina sukari na presha."

Kuhusu mlonge, mwarobaini na chupa za mitaani zinazoahidi kumaliza sukari: anayetaka majani ya mlonge kama mboga ale, ni mboga nzuri. Anayeacha vidonge kwa sababu ya chupa isiyoandikwa kilichomo anahatarisha maisha yake, na yule anayemuuzia anajua hatakuwepo siku ya kiharusi. Kama ndoto yako ni kupumzika na dawa, njia yenye ushahidi ni kupunguza uzito kwa mtu mnene ambaye kisukari chake si cha muda mrefu. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoa majibu ya mwaka wa kwanza mnamo 2017, karibu nusu ya waliopewa mpango mkali wa kupunguza uzito sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Walisimamiwa na wahudumu wa afya hatua kwa hatua.

Wa insulini: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda itupwe. Kama huna friji, weka mtungi mdogo wa udongo ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji mchanga huo kutwa mara mbili, funika kwa kitambaa kilicholowa na uweke kivulini penye upepo. Chupa ziwe ndani ya mfuko mkavu. Iliyofunguliwa, nyingi hutumika takribani wiki 4, basi andika tarehe juu yake.

Hatua ya 5: Panga sahani

Hakuna haja ya kumpikia mgonjwa chungu chake. Chakula kinachofaa kwa mwenye sukari kinafaa kwa nyumba nzima, na watoto wake ndio wenye hatari ya kurithi.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, sukumawiki, bamia, bilinganya, kachumbari. Robo iwe samaki, dagaa, kuku bila ngozi, maharage, choroko au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, muhogo au viazi. Kwa wengi hiyo ni donge la ugali lenye ukubwa wa ngumi yako. Ukikaa mbele ya sahani ya kawaida ya mgahawani, utaona imepangwa kinyume: mlima wa wali, maharage pembeni, na mchicha vijiko viwili kama pambo. Omba wali nusu na mboga mara mbili. Mama ntilie wengi hawakatai ukisema mapema. Anza kula mboga na samaki, malizia na wanga. Mpangilio huo tu unapunguza kupanda kwa sukari baada ya chakula.

Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina pumba na kiini. Hata hivyo dona nayo ni mahindi, na dona kubwa inapandisha kuliko sembe ndogo. Uji, hata wa lishe uliochanganywa nafaka saba, unapita haraka tumboni na kupandisha sukari haraka. Maharage mazima yaliyochemshwa yanaipandisha polepole.

Pwani tuna jambo la sinia. Kula pamoja ni heshima na raha, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Siku za kawaida mwenye sukari apakuliwe sahani yake, akae na wenzake mkekani palepale. Na chai: nyumba nyingi sukari hutiwa birikani. Ichemsheni bila sukari, kila mtu ajitilie kikombeni mwake. Ni badiliko dogo lakini linaondoa vijiko vingi kwa siku bila ugomvi. Asali ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Soda ya kola ya mililita 300 ina takribani vijiko 8 vya chai vya sukari. Tunda liliwe lenyewe, nusu embe au kipande cha papai, siyo juisi yake.

Kwa ajili ya moyo, angalia mafuta na chumvi. Tui zito la nazi, samli, mafuta ya mawese na mafuta ya ng'ombe yanapandisha lehemu mbaya. Sisemi uache nazi. Pika kwa tui jepesi, na isiwe kila siku wala kila chungu. Alizeti kiasi kidogo inafaa kwa mapishi, parachichi na karanga zisizotiwa chumvi zinafaa kwa kutafuna. Mafuta yaliyokaangiwa mihogo na samaki tangu asubuhi mpaka yakawa meusi, yaepuke.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho bapa, ukijumlisha ile iliyojificha. Na imejificha: kwenye ng'onda na papa, kwenye vile vipande vya kiungo cha supu, kwenye mkate, krispi na soseji. Ng'onda ilowekwe, maji yamwagwe, iloweshwe tena kabla ya kupikwa. Kwenye chungu ongeza ndimu, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili, na chupa ya chumvi iondoke mezani.

Hatua ya 6: Mwendo, moshi na pombe

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Gawanya unavyotaka, ila usipitishe siku mbili mfululizo umekaa. Dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya chakula cha usiku zinashusha sukari ya chakula hicho waziwazi. Pima jozi ujionee. Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli: kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, kubeba ndoo, kusukuma ukuta. Misuli ndiyo inayoteketeza sukari nyingi. Ukibanwa kifua au kukosa pumzi ukitembea, simama, na umwone daktari kabla ya kuendelea.

Sigara, ugoro na shisha, vyote viachwe. Kwa mwenye kisukari anayevuta, hakuna kidonge chenye faida kubwa kwa moyo wake kuliko kuacha. Pombe, kama unakunywa, iwe kidogo na kamwe isiwe tumbo tupu, hasa kwa wa insulini na glibenklamidi, kwani inaweza kushusha sukari usiku wakati umelala.

Hatua ya 7: Sukari ikishuka

Kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, maneno kupotea. Chini ya 4, tibu hapohapo. Kama huna mashine, tibu kwanza. Vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikipanda, kula kitu kinachokaa tumboni, kama kipande cha mkate na maharage. Mkeo, mumeo na watoto wajue haya kuliko wewe, kwa sababu siku ikitokea hutaweza kuwaeleza. Akizimia, msimmiminie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Aliyetumia glibenklamidi sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo apelekwe hata kama amezinduka, na wazee waulize kama dawa hiyo inaweza kubadilishwa.

Mwenye dawa ya presha ya kundi la propranololi na atenololi ajue kuwa moyo wake huenda usimtahadharishe kwa kwenda mbio. Kwake jasho ndiyo dalili ya kuaminika.

Hatua ya 8: Miguu kila usiku

Mwanga wa kutosha, kioo kidogo, au macho ya mjukuu. Angalia nyayo, visigino na kati ya vidole. Kausha vizuri kati ya vidole baada ya kuoga na baada ya udhu, kwa sababu unyevu hapo unaleta fangasi na fangasi inafungua mlango wa kidonda. Usikanyage maji ya moto kabla ya kuyapima kwa kiwiko. Usikate sugu kwa wembe. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Mguu wenye ganzi unaweza kutembea na jiwe kutwa nzima. Kandambili zinachubua katikati ya vidole, basi tafuta kiatu kilichofungwa mbele, na ukanunue jioni mguu ukiwa umevimba kidogo. Kidonda chochote ambacho hakijaanza kufunga kwa siku mbili, au chenye usaha, harufu au wekundu unaopanda, ni cha kliniki, hata kama hakiumi. Mguu ambao mishipa yake imeziba mara nyingi ni wa mtu ambaye mishipa ya moyo nayo haiko salama.

Hatua ya 9: Ukitaka kufunga

Ramadhani inapokaribia, nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, siyo usiku wa mwezi kuandama. Anayetumia insulini mara nyingi kwa siku, mwenye figo zilizoharibika, aliyeshukwa vibaya na sukari miezi ya karibuni, na mjamzito wapo kwenye hatari kubwa, na dini imewapa ruhusa. Anayeruhusiwa na daktari abadilishiwe saa na dozi mapema. Kupima kwa tone la damu hakubatilishi funga kwa kauli ya wanazuoni wengi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6, fungua hapohapo hata kama imebaki robo saa adhana iadhiniwe. Futari ianze na maji na tende moja hadi tatu, kisha supu au kunde. Kaimati, tambi na uji wa sukari visiwe vyote usiku mmoja. Daku iliwe karibu na alfajiri, yenye maharage au mayai.

Hatua ya 10: Zijue dalili za dharura

Mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua, kwa kuwa neva zake zimefifia. Kwake inaweza kuwa kukosa pumzi kwa ghafla, jasho jingi, kichefuchefu, uchovu wa ajabu, uzito wa taya au mkono. Wengi wanadhani ni gesi na kutafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Hali hiyo ikizidi dakika chache, ni hospitali, saa hiyohiyo.

Kiharusi: uso kulegea upande mmoja, mkono kuanguka ukiuinua, maneno kutoka yamevurugika. Tazama saa dalili zilipoanza na uiandike, kwa maana daktari ataiuliza na matibabu mengine yana muda wake. Pima sukari pia, kwani sukari iliyoshuka inaweza kufanana na kiharusi. Msimpe chakula wala maji, wala msimpe dawa ya presha ya mtu mwingine. Presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi pamoja na kichwa kuuma sana, macho kufifia au kifua kubana, msisubiri asubuhi.

Leo jioni andika kwenye karatasi moja majina ya dawa zote na dozi zake, maradhi uliyonayo, dawa zinazokudhuru na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Piga picha ibaki kwenye simu, na karatasi yenyewe ikae kwenye pochi au kwenye pindo la kanga, mahali ambapo anayekuokota atapapasa kwanza.